Skonzi Tamu za Kujaza: Jinsi ya Kuumua Unga Katika Baridi ya Sugoi

Wakaazi wengi wa Sugoi, katika kaunti ndogo ya Turbo, hupika chapati na maandazi bila shida yoyote. Skonzi za hamira ndizo huwatatiza. Unga unakandwa asubuhi, unafunikwa, na saa sita mchana bado haujaumuka. Au skonzi zinaumuka vizuri, lakini zinapookwa hupasuka na kumwaga jemu, na chini zinabaki mbichi. Nusu kilo ya unga, yai na maziwa vinapotea, na mwokaji anaamua kwamba hana mkono wa kuoka.

Mara nyingi tatizo si mkono. Ni mambo mawili yanayoweza kurekebishwa: unga uliopoa na kijazo chenye maji mengi.

Baridi na hewa ya nyanda za juu

Hamira ni viumbe hai vidogo sana. Vikipata unyevu, sukari na joto vuguvugu, hula na kutoa hewa inayoumua unga. Kwenye baridi hulegea, na kwenye maji ya moto sana hufa. Pwani, ambako mahamri yamepata jina lake kutokana na hamira, joto la jikoni pekee hutosha. Eldoret na viunga vyake viko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti jiko la asubuhi huwa na baridi kali. Maziwa yakitoka moja kwa moja kwenye mtungi wa baridi, hamira hulala.

Mwinuko huo una upande mwingine. Hewa ya huku ni nyepesi, hivyo unga ukishapata joto huumuka haraka na unaweza kupita kiasi. Kwa sababu hiyo, unga huangaliwa kwa macho na kidole kuliko kwa saa. Uko tayari unapokaribia kuwa mara mbili ya ulivyokuwa, na alama ya kidole kilichobonyeza inarudi polepole. Alama ikibaki shimo na unga ukianza kunywea, umepitiliza. Hapo hukandwa kidogo na kutengenezwa upya bila kukawia.

Vipimo vya skonzi 16

Unga wa ngano nusu kilo, yaani robo ya pakiti ya kilo mbili, hamira kavu ya papo hapo vijiko viwili vya chai, sukari vijiko vitano vya mezani, chumvi nusu kijiko cha chai, maziwa kikombe kimoja cha mililita 250, yai moja, na siagi au mafuta ya kupikia vijiko vinne vya mezani.

Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani huchemshwa kwanza ili kuua vijidudu, kisha huachwa yapoe hadi yawe vuguvugu. Kipimo rahisi ni kudondosha tone moja ndani ya kifundo cha mkono: likihisiwa joto bila kuunguza, linafaa. Hamira ambayo pakiti yake imefunguliwa kitambo hujaribiwa kwa kuchanganya kijiko chake na maziwa kidogo na sukari. Baada ya dakika 10, isipotoa povu haifai tena.

Vitu vikavu huchanganywa, kisha maziwa, yai na mafuta huongezwa. Unga hukandwa kwa dakika 10 hadi uwe laini na uache kushika mikono. Kosa la kawaida hapa ni kuongeza unga mkavu kila unaponata, jambo linalofanya skonzi ziwe ngumu kesho yake. Mafuta kidogo mikononi hutosha.

Donge hufunikwa na kuwekwa mahali pa joto. Njia salama ni kuweka bakuli ndani ya sufuria kubwa yenye maji vuguvugu, na kubadilisha maji yakipoa. Kwa njia hiyo unga huumuka kwa dakika 30 hadi 40, na asubuhi ya baridi unaweza kuchukua saa nzima.

Kijazo kiwe kizito na kilichopoa

Kijazo cha maji hugeuka mvuke ndani ya skonzi. Mvuke huo husukuma mshono hadi upasuke, na unyevu wake huzuia unga wa chini kuiva. Kijazo cha moto nacho huharibu unga unaokigusa. Vijazo vitatu hupatikana kwa urahisi vijijini:

Ndizi nne zilizoiva sana hupondwa na kupikwa na vijiko viwili vya sukari na maji ya nusu limau. Huwa tayari kijiko kikipita chini ya sufuria na kuacha njia isiyojifunga haraka.

Viazi vitamu huchemshwa, humenywa na kupondwa na asali au sukari, pamoja na iliki au mdalasini. Kwa kuwa maji huchemka kwa joto la chini zaidi katika nyanda za juu, viazi huhitaji muda zaidi kuliko pwani.

Karanga zilizokaangwa husagwa na sukari. Hazihitaji kupikwa tena, lakini mlaji anapaswa kuambiwa zimo, kwa sababu kuna watu ambao karanga huwadhuru vibaya.

Donge hukatwa vipande 16. Kila kipande husukumwa kiwe duara, kijiko kimoja cha kijazo huwekwa katikati, na ukingo huachwa mkavu ili ushikane. Mshono hubanwa vizuri na kugeuzwa chini.

Kuoka bila tanuri

Huko Austria na Ucheki kuna skonzi za aina hii ziitwazo Buchteln, ambazo hupangwa zikigusana katika chombo kimoja. Mpangilio huo unafaa sufuria ya nyumbani, kwani skonzi hushikiliana na kupanda juu badala ya kutanuka. Sufuria nzito hupakwa mafuta, skonzi hupangwa na kuachwa dakika 15 hadi 20 ziumuke tena.

Kwenye jiko la makaa, makaa machache hubaki chini na mengi huwekwa juu ya mfuniko wa bati, kwa dakika 20 hadi 25. Makaa yakizidi chini, skonzi huungua kabla ya kuiva. Mwenye tanuri huoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 20.

Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama ni kwa ajili ya kupasha unga joto au kukimbia baridi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Kuoka kufanyike nje au mahali ambapo madirisha na mlango viko wazi.

Kwa anayetaka kuuza

Kabla ya kupanga bei, gharama zote hujumlishwa na kugawanywa kwa 16. Makaa huhesabiwa. Maziwa ya nyumbani pia huhesabiwa, kwa bei ambayo yangeuzwa, kwani biashara inayoyachukulia kuwa ya bure huonekana na faida isiyokuwepo.

Skonzi za matunda na viazi huuzwa siku hiyo hiyo zikiwa zimefunikwa. Vijazo vya krimu au kastadi huharibika haraka, na havimfai muuzaji asiye na friji.

Kisheria, anayeandaa chakula cha kuuza anapaswa kupimwa afya na kuwa na cheti, na vipimo hivyo hurudiwa kila baada ya miezi sita. Mahali pa kuandalia chakula hukaguliwa na afisa wa afya ya umma, na leseni ya biashara hutolewa na serikali ya kaunti. Anayetaka kufunga skonzi kwenye pakiti na kuzipeleka madukani huhitaji pia alama ya ubora ya KEBS. Ni vyema kuanza kwa afisa wa afya ya umma kabla ya kununua vifaa, kwa sababu ushauri wake kuhusu maji, sakafu na mahali pa kuhifadhia unga huweza kumwokolea mwokaji gharama ya kujenga mara mbili.