Kansa ya Kongosho: Tunzeni Karatasi za Vipimo

Mtu wa Ilagala aliyepasuliwa kuondoa kansa ya kongosho, akitakiwa kurudi kliniki Dar es Salaam, ana safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Huko hupimwa damu, kipimo kiitwacho CA 19-9, na kupigwa picha ya CT. Namba ya damu ikizidi kupanda, huenda kansa imerudi, hata kama picha bado haionyeshi kitu. Lakini njia ya nyongo ikiziba, namba hupanda pia. Tena wapo watu ambao miili yao haitengenezi kabisa alama hiyo. Kwao namba ndogo si ushahidi wa kupona. Kwa hiyo namba moja haitoshi, daktari huilinganisha na za nyuma. Enyi jamaa wa mgonjwa, karatasi na picha zote zitunzeni, msafiri nazo.