Pai ya Embe kwenye Jiko la Mkaa

Kila mwaka maembe yanapoanza kujaa sokoni Mpanda, wanaojifunza kuoka huniletea malalamiko yale yale: pai ya matunda imepasuka, sukari imeungulia kwenye sinia, na ganda la chini limelowa kama unga mbichi. Wengi hulaumu jiko. Wanaamini kwamba asiye na oveni ya umeme asijisumbue. Mimi pai zangu huziivisha kwa mkaa, na nasema bila kusita kwamba jiko halina kosa. Yanayoharibu pai ni mawili: maji yaliyomo ndani ya tunda, na joto la mahali unapokandia unga.

Pai ninayoizungumzia ni ndogo, ya kushikwa mkononi kama sambusa, ila huokwa badala ya kukaangwa. Jamaa zake wa karibu ni zile pai za nyama na viazi za Cornwall, Uingereza, ambazo wachimbaji wa madini walishuka nazo shimoni, na ambazo jina lake lililindwa kisheria na Umoja wa Ulaya mwaka 2011. Mpanda nayo ni mji wa madini. Reli kutoka Kaliua ililetwa hapa mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi, na leo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaamka alfajiri kwenda machimboni. Chakula kisichotaka sahani wala kijiko kinawafaa, na kinamfaa pia abiria wa treni ya Tabora.

Tuanze na embe. Zaidi ya asilimia 80 ya nyama yake ni maji. Ukilikata vipande na kulinyunyizia sukari, baada ya robo saa utaona vipande vinaogelea, kwa kuwa sukari huyavuta maji yatoke. Ukiyafungia maji hayo ndani ya ganda bichi na kuyapeleka motoni, yatachemka, yatageuka mvuke, na mvuke utatafuta pa kutokea. Ndipo pai inapopasuka. Kwa hiyo embe lipikwe kwanza, nje ya ganda.

Kwa pai 12 hivi, chukua gramu 400 za embe lililomenywa, vijiko 3 vya sukari na kijiko 1 cha maji ya limau. Usichague maembe yaliyoiva mno. Changanya na moja linaloanza tu kuiva, kwa sababu lina ukali na lina pektini zaidi, ile inayofanya jemu ishikane. Chemsha taratibu dakika 10, kisha koroga kijiko kimoja na nusu cha wanga wa mahindi katika maji kidogo ya baridi, umimine, uendelee kukoroga hadi mchanganyiko ung'ae. Mpanda iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Wanga hauhitaji hata joto hilo lote ili uvimbe, lakini jemu ya hapa haifikii nyuzi 104 au 105 zinazotajwa kwenye vitabu kabla ya kuwa tayari, na anayezisubiri ataiunguza. Amini macho kuliko kipimajoto: weka kijiko kimoja kwenye sahani, kiache kipoe, inamisha sahani. Kikitiririka, rudisha sufuria motoni. Embe liwe limepoa kabisa kabla halijagusa unga.

Sasa ganda. Robo kilo ya unga wa ngano, gramu 125 za siagi au majarini, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji baridi vijiko 4 au 5. Hapa watu wa maandazi hukosea, kwa sababu mikono yao imezoea kukanda kwa nguvu. Ukikanda sana, glutini ya ngano hujenga nyuzi ngumu na pai hutafunika kama ngozi. Sugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole hadi iwe chenga chenga, baadhi zikiwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Zikiingia motoni zikiwa bado ngumu, chenga hizo huyeyuka na kuacha nafasi nyembamba, na mvuke huzitanua. Hizo ndizo tabaka unazozisikia zikivunjika kinywani.

Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na mchana wa Oktoba chumba chenye paa la bati kinafika huko kwa urahisi. Asiye na jokofu atumie mtungi. Ila mtungi hupoza maji vizuri hewa ikiwa kavu. Mvua zikianza, yaani wakati maembe ndiyo yanajaa, nguvu yake hupungua. Basi kanda alfajiri. Acha donge lipumzike nusu saa, lisukume kwa kifimbo cha chapati hadi unene wa milimita 3, kata miduara ya sentimita 12, weka kijiko kimoja cha embe, kunja, bana kingo kwa uma, kisha toboa juu mara mbili ili mvuke upate njia.

Jiko lenyewe ni sufuria nzito yenye mchanga safi mkavu wa kina cha sentimita 3. Mchanga husambaza joto. Sinia likae juu ya vijiwe, na makaa yawe mengi juu ya mfuniko kuliko chini. Kupima moto, weka unga kidogo ndani ya kibati kwa dakika 5: ukibaki mweupe, ongeza mkaa, ukipata rangi ya dhahabu iliyokolea, ingiza pai. Dakika 25 hutosha mara nyingi. Fanyeni kazi hii nje, maana mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, nayo haina harufu na huua.

Mwenye asali ya Inyonga anaweza kuitumia mahali pa sukari, robo tatu ya kipimo, na apunguze makaa ya juu kwa sababu asali huwahi kuungua. Makusu, matunda ya porini, nayo yanafaa sana, ukiyakamua mbegu kwenye chekecheo. Ladha yake naipenda kuliko ya embe.

Nawaomba ninyi mnaouza maandazi stendi na kwenye kituo cha treni: msimu huu okeni sinia moja la pai 12, mziache zipoe dakika 20, na mziuze siku hiyo hiyo.