Sinia, Sindano na Pakiti za Msimu wa Harusi

Msimu wa harusi ukikaribia, baina ya wanawake wetu huanza kupita pakiti ndogo ndogo: chai ya kuondoa tumbo, vidonge visivyo na jina. Hupitishwa mkono kwa mkono, na muuzaji huapa kuwa ni miti shamba mitupu. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta ndani ya bidhaa za namna hii sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Basi anayeona moyo ukimwenda mbio baada ya kunywa chai hiyo, asidhani ni mafuta yanayoyeyuka. Aiache, na aende hospitali.

Hapa kwetu unene umehesabiwa dalili ya kutunzwa. Mke akikonda, huulizwa ana mashaka gani. Lakini kisukari na shinikizo la damu havina habari na heshima hiyo. Chukua utepe wa fundi cherehani ujizungushe kiunoni: kwa mwanamke, hatari huanza kupanda kiuno kinapozidi sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kinapopita 88. Faraja ni kwamba hatuhitaji kurudi wembamba wa ujana. Mwenye kilo 80 akipunguza 4 tu, sukari na presha yake huweza kuonyesha nafuu.

Pa kuanzia ni jikoni. Vikombe vinne vya chai, kila kimoja kwa vijiko vitatu, ni vijiko 12 vya sukari kwa siku, ilhali Shirika la Afya Duniani lashauri tusizidi takriban vijiko 6 tukitaka manufaa kamili. Na hapo mahamri na kaimati hazijahesabiwa. Kisha kuna sinia. Kula pamoja kuna baraka, ila hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Na mama, kwa kuogopa israfu, humalizia wali walioacha watoto. Tumbo la mama si mahali pa kuhifadhia kiporo! Apike kwa kipimo, kinachobaki kiwekwe. Kutembea nako kwafaa, nusu saa kwa siku tano za wiki, mradi matembezi ya jioni kule Mama Ngina yasiishie kwenye mihogo ya kukaanga.

Wapo waliofanya yote haya na uzito ukabaki pale pale. Hao si wavivu. Mwili hung'ang'ania uzito wake, na tiba ipo. Inayozungumzwa sana ni semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki, iuzwayo kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa unene. Huiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kuwa mtu ameshiba. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliochomwa kwa wiki 68, pamoja na kurekebisha chakula na mazoezi, walipungua wastani wa asilimia 15 hivi. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo 12. Lakini mwaka mmoja baada ya kuiacha, walirudisha thuluthi mbili ya walichopoteza. Kwa hiyo si dawa ya harusi moja, na gharama yake ipigiwe hesabu ya miaka. Huleta kichefuchefu, kutapika na kufunga choo, na yapasa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba.

Upasuaji wa kupunguza tumbo ni kwa wenye unene mkubwa, hasa ulioambatana na maradhi. Huleta matokeo makubwa, na huja na vitamini za kumezwa maisha yote.

Aendaye kwa daktari achukue pakiti zote alizokwisha kutumia, hata alizopewa na shoga yake. Aseme pia iwapo anakusudia kufunga Ramadhani, hasa akiwa anatumia dawa za kisukari, kwani vipimo na saa za dawa huenda vikabadilishwa kabla ya mwezi kuandama.