Hiyo Milioni ya Ekari Moja

Swali limenijia tena juzi, safari hii kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kapsoya: "Profesa, mzee aliniachia ekari moja kule Moiben. Nipande nini nipate milioni?" Nimeulizwa hivyo harusini, nimeulizwa nikiwa kwenye foleni ya benki, na nimeulizwa matangani huko Ziwa kabla watu hawajaondoka kaburini. Wanaouliza ni watu waliosoma, wenye mishahara, wanaojua kupiga hesabu za mkopo wa sacco hadi senti ya mwisho. Ndiyo maana sina subira tena na swali hili. Nitalijibu leo kwa maandishi, na atakayeniuliza kesho nitampa gazeti.

Hakuna ubaya kutaka milioni. Ubaya ni kwamba swali linaanzia mkiani. Linataja mmea na linataja fedha, lakini halimtaji mnunuzi, halitaji udongo, halimtaji mtu atakayelala pale shambani usiku mbwa wakibweka. Kisha, kila ninapomhoji muulizaji, hutoa simu na kunionyesha hesabu aliyotumiwa: miti ya parachichi aina ya Hass 150 kwa ekari, kila mti matunda 500, kila tunda shilingi 15. Jumla, shilingi 1,125,000 kwa mwaka. Hesabu hii imenifikia pia ikiwa na papai, ikiwa na stroberi, ikiwa na kware, ikiwa na mibono ya kukamua mafuta ya dizeli. Jina la mmea hubadilika, milioni haibadiliki.

Basi tuipasue.

Ekari ina mita za mraba 4,047. Parachichi hupandwa kwa kawaida mita 7 kwa 7, na ukigawanya utapata miti 82. Unaweza kuibananisha ifike 150, lakini hapo kila mti umebakiwa na mita 5 kwa 5, na bila kupogolewa kila mwaka na mtu anayejua kupogoa, matawi yatafungana, kivuli kitatanda, na matunda yatabaki juu kabisa ambako mchumaji hafiki. Aliyekuuzia miche hakukutajia upogoaji. Kwake, miche 150 ni biashara nono kuliko miche 82.

Matunda 500 ni ya mti uliokomaa na uliotunzwa. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa kidogo mwaka wa tatu, na mavuno ya maana huja baada ya mwaka wa tano. Chukua makadirio ya mtu mwangalifu: kati ya miti 82, miti 70 imepona, mwaka wa tano kila mmoja umekupa matunda 150, theluthi moja imekataliwa kwa udogo, kwa makovu au kwa kuanguka. Umebaki na matunda 7,000. Yauze shilingi 10 moja na utapata 70,000. Hiyo ni sawa na magunia 20 ya mahindi kwa bei ya shilingi 3,500, ila mahindi yangekupa fedha hizo mwaka uleule, na mwaka uliofuata, na mwingine. Miti baadaye itaongeza mavuno, ndiyo, na mwenye shamba zuri na mtaji wa kusubiri atafurahi. Lakini muulizaji wangu anataka kulipa karo ya Januari.

Bado hatujafika kwenye udongo. Kaunti yetu ya Uasin Gishu ina tambarare ambako maji hutuama Julai na Agosti, chini yake pana murram, na buti zako huzama hadi kifundoni. Parachichi haivumilii miguu yenye maji. Mizizi huoza kwa ugonjwa unaopenda udongo uliolowa, majani hupauka, na mti wa miaka minne hufa ukiwa umesimama. Huko juu Ainabkoi kuna usiku wa baridi kali, na sakitu huchoma miche michanga. Mtu hawezi kukuambia panda parachichi bila kukuuliza maji ya mvua yanaelekea wapi shambani mwako. Akikuambia, jua kwamba anauza miche.

Na ile bei ya shilingi 15 ni ya nani? Ni ya tunda la daraja la kwanza, katika mwezi ambao soko la nje limefunguliwa, kwa mkulima ambaye lori la mnunuzi linafika langoni kwake. Serikali hufunga msimu wa kuuza parachichi nje kila mwaka ili matunda machanga yasisafirishwe. Ni kweli soko limepanuka. Tangu Agosti 2022 parachichi mbichi za Kenya zinaingia China. Lakini mnunuzi mkubwa hafuati ekari moja iliyo peke yake mwisho wa barabara ya udongo. Anayekuja ni broka, na broka huchuma anachotaka, huhesabu mwenyewe, na kilichobaki utampelekea mama mboga sokoni Eldoret, ambaye naye ana parachichi za majirani zako.

Hayo yote ni makosa ya tarakimu, na makosa ya tarakimu husahihishika. Kuna kosa kubwa zaidi, na hili ndilo linalonikasirisha. Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 nchi nzima ilishikwa na homa ya kware. Ilisemwa mayai yake yanaponya kisukari, shinikizo la damu, pumu na utasa, madai yasiyo na msingi wa kitabibu. Yai likawa ghali mara kadhaa kuliko yai la kuku. Watu wakapanga foleni kuomba leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kwa kuwa kware walihesabiwa kuwa ndege wa porini. Ilipofika 2014 mayai yalikuwa yamejaa kila mahali na bei ikaanguka. Watu wakawa wanawatafuna ndege wenyewe ili wapunguze hasara.

Jiulize: wakati ule yai likiwa ghali, lilikuwa linaliwa na nani? Machache sana yaliingia tumboni. Mayai na vifaranga vilikuwa vinanunuliwa na wafugaji wapya waliotaka kuanza. Mteja wa mfugaji wa jana alikuwa mfugaji wa leo. Siku wageni walipokwisha, soko lilikwisha. Bei uliyoiona haikuwa bei ya chakula, ilikuwa bei ya kiingilio. Ndiyo maana katika kila mkupuo wa namna hii mtu wa kwanza kutajirika huwa muuza mbegu, muuza miche, muuza vifaranga, na yule anayetoza ada ya semina hotelini. Ukiletewa mmea mpya wa milioni, tafuta mtu mmoja anayeununua ili aule au ausindike. Usipompata, umealikwa uwe soko la mwenzako.

Hapa kwetu tulipata somo jingine, la karakara, au pasheni kama tunavyoiita. Hili halikuwa la kitapeli. Tunda lilikuwa na soko la kweli, na wakulima wengi wa kaunti hii waliona fedha zake. Kisha maradhi yakaingia: virusi vya kufanya tunda kuwa gumu kama mti, kunyauka kwa fangasi, kukauka kwa matawi kuanzia nchani. Miche iliyotoka kwa jirani mgonjwa ilisambaza ugonjwa kijiji kizima, na nguzo zikabaki zimesimama bila kitu. Hata zao zuri likipandwa na kila mtu, pahali pamoja, kwa miche isiyokaguliwa, halidumu.

Sasa niseme kwa nini watu wenye akili zao huamini hesabu ya simu, maana si ujinga. Mji huu wa Eldoret ulianza kama shamba nambari 64 kwenye ramani ya walowezi, na wazee bado wanauita Sisibo. Wakati wa sensa ya 2019 ulikuwa na watu 475,716 ndani ya kaunti ya watu 1,163,186. Tarehe 15 Agosti 2024 ukatangazwa kuwa jiji. Mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa baada ya uhuru, mengine na kampuni na vyama vya watu waliochanga, yakagawanywa. Wana wakagawana, na wajukuu wakagawana tena. Aliyerithi ekari moja leo, babu yake huenda alikuwa na hamsini. Anafanya kazi mjini, analipa kodi ya nyumba mjini, na ile ekari anailima kwa simu. Mshahara hautoshi na shamba halitoshi. Mtu aliyebanwa pande mbili akiambiwa kuna zao litakaloifanya ekari moja iwe kama hamsini, lazima asikilize.

Lakini hesabu ile imemwacha mtu nje. Imemwacha mama yake. Katika ekari nyingi ninazotembelea, kuna mama mzee anayeilima, na ekari hiyo ndiyo inayolisha. Familia ya watu sita hapa kwetu hula magunia kama sita au saba ya mahindi kwa mwaka. Mabua huliwa na ng'ombe. Maharagwe yaliyopandwa katikati huishia sufuriani. Mwana wa mjini akija na mkopo wa sacco, akang'oa mahindi akapanda miti, kuanzia mwezi huo nyumba ile inanunua unga dukani, na ng'ombe ananunuliwa majani. Gharama hiyo ya miaka minne au mitano haimo popote kwenye ile hesabu ya milioni. Nimewaona akina mama wakipimiwa mahindi kwa gorogoro sokoni, mwezi Mei, ilhali nyumbani wana ekari iliyojaa miche inayofika magotini. Kwangu hilo ni kosa zito kuliko hasara ya mtaji, na aliyelifanya hajui hata kwamba amelifanya, kwa sababu hali kule.

Nipande nini, basi? Nitasema haraka, maana haya si mambo ya siri.

Pima udongo kwanza. Chuo Kikuu cha Eldoret kina idara ya udongo na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Kitale. Mashamba mengi ya kaunti hii yametiwa mbolea ya DAP miaka nenda miaka rudi hadi yakawa na tindikali, na pH ikiwa chini ya 5.5 sehemu kubwa ya mbolea yako inafungwa ardhini mmea usiipate. Hapo fedha za kwanza ziende kwenye chokaa ya kilimo, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Hiyo peke yake imeongeza magunia kwa watu wengi kuliko zao lolote jipya.

Kama hakuna mtu anayeishi shambani, kodisha kwa msimu, kwa mkataba wa maandishi na mashahidi, na ukatae anayetaka kulima bila kurudisha rutuba. Kama mama yuko pale, nusu ekari iwe mahindi na maharagwe, robo iwe nyasi za matete au Boma Rhodes za ng'ombe mmoja wa maziwa anayetunzwa vizuri, na robo iwe boma, mboga na kuku. Maziwa yapitie chama cha ushirika, kwa sababu fedha za kila mwezi ndizo zinazozuia mahindi kuuzwa kwa pupa. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5, kwa mashine za kukaushia kama mvua ya Novemba haikatiki, kisha yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Usiuze yote Desemba kwa ajili ya karo. Uza ya karo tu. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu 2019: unaweza kuweka nafaka kwenye ghala lililoidhinishwa, ukatumia stakabadhi kuombea mkopo, ukasubiri bei.

Ndugu wanne wenye ekari nne zinazopakana wakizilima kama shamba moja, trekta na mnunuzi wote watawajia. Ukipenda parachichi, panda kumi kando ya boma mahali maji yanapoteremka, uone zitakavyofanya. Ikiwa hatimiliki bado ina jina la marehemu babu, malizeni mambo ya urithi mahakamani kabla ya kuzika fedha ardhini, maana mti wa miaka saba ni wa mwenye ardhi. Na usiuze ekari ya kulima ili ununue ploti ya futi hamsini kwa mia pembezoni mwa jiji kwa sababu tu binamu amesema bei itapanda. Ukiiuza, haitanunulika tena kwa fedha ulizopata.

Mwalimu wangu wa Kapsoya, na wengine mliokuwa mmekusudia kuniuliza: nitawakaribisha kwa moyo wote mkija na majibu ya mambo matatu. Nani, kwa jina, atakayenunua unachotaka kupanda, na ananunua mwezi gani? Vipimo vya udongo wako vinasemaje? Na mama amekubali? Mvua inaanza Machi, na chokaa inahitaji muda wake ardhini kabla ya mbegu. Mje kabla ya Januari kuisha.