Njano iliyonishikia salio la Sh4,000

Msee, kama unajifunza kutengeneza tovuti, najua ulipo. Umekopi msimbo wa rangi mahali, #FFFF00, umebandika, imekubali, umesonga. Mimi pia nilikuwa hapo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, nikajifunza kazi kwa laptopu ya kuazima, na rangi niliziona kama pambo tu. Hadi mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba Githurai aliponishikia salio.

Tovuti yake ilikuwa na kitufe cha "Agiza", maandishi meupe juu ya buluu. Akaniambia, "Kijana wangu, niwekee njano kama ule mstari wa matatu." Nikaona hiyo ni kazi ya dakika moja.

Ngoja kwanza tuelewane kuhusu ule msimbo. Heksi ni nambari tatu zilizobanwa pamoja: nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255, ila zimeandikwa kwa hesabu ya 16. Ukikutana na C8, C ni 12. Zidisha kwa 16, ongeza 8, unapata 200. Kwa hivyo #C80000 na rgb(200, 0, 0) ni wekundu ule ule. Hakuna uchawi hapo.

HSL ndiyo iliyonipa kiburi. Hii hupanga rangi kwenye duara la digrii 360, halafu unaongeza asilimia ya ukolevu na ya mwangaza. Buluu yangu ilikuwa hsl(240, 100%, 50%). Nikageuza 240 ikawa 60, hizo zingine sikuzigusa, nikalala.

Kesho yake, simu. Wateja wake wako steji, jua la saa saba, na "hawaoni pa kubonyeza." Nikatoka nje na simu yangu. Kweli, neno lilikuwa limemezwa.

Shida ni kwamba mwangaza wa HSL ni hesabu tu ya zile nambari tatu; jicho haliulizwi. Na jicho huona njano ikiwaka kuliko buluu hata asilimia zikilingana. Mwongozo wa WCAG hupima utofauti wa maandishi na rangi iliyo nyuma yake, na kwa maandishi ya kawaida unataka angalau 4.5 kwa 1. Meupe juu ya buluu ile yalikuwa 8.59. Juu ya njano? 1.07. Yaani nilikuwa nimeandika kwa chaki kwenye ukuta mweupe.

Dawa ilikuwa mstari mmoja, color: #000. Nyeusi juu ya njano hiyo inafika 19.56. Siku hizi nikibadilisha rangi natumia oklch, ambayo vivinjari vikubwa vyote vinaielewa tangu 2023; mwangaza wake hufuata vile jicho linavyoona. Lakini bado natoka nje juani na simu kabla sijatuma kazi.

Salio liliingia jioni hiyo. Juzi mama ameniuliza kama naweza kumwekea waridi.