Kuteka, Kukumba, Kufua: Vitenzi vya Kuondoa Maji na Matumizi Yake

Utangulizi

Wakati wa masika ya mwaka wa 2024, mafuriko yaliingia katika nyumba nyingi jijini Nairobi na kwenye kingo za Mto Tana. Anayesimulia hali hiyo aghalabu hutosheka na kusema kwamba wenyeji “walitoa maji” nyumbani. Kauli hiyo haina kosa la kisarufi, ila ni fukara. Kutoa hakutuelezi maji yalikuwa wapi, yalikuwa kiasi gani, wala kama yalihitajika. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba Kiswahili kimeigawa kazi hii kwa vitenzi mbalimbali, na kwamba anayevichanganya huenda akapotosha maana.

Maji yanayohitajika

Kuteka ni kuyatoa maji mahali yalipo kwa wingi, kama vile kisimani au mtoni, ili yatumiwe. Kuchota ni kutwaa sehemu tu ya kilichopo, mara nyingi kwa chombo kidogo au kwa kiganja. Basi mtu huteka maji kisimani kwa ndoo, akayatia mtungini, kisha akayachota mtungini kwa kata. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi hubadilishana nafasi. Hata hivyo, tofauti yake hujitokeza katika matumizi ya kitamathali: mwanafunzi huchota maarifa kwa mwalimu bila ya kumpunguzia chochote, ilhali adui huteka mji mzima.

Maji yasiyohitajika

Kukumba maji ni kuyatoa yote hadi mahali pakabaki patupu. Hilo ndilo neno lililowafaa waliofurikiwa. Ajabu ni kwamba kitenzi hichohicho hubeba pia maana ya kusukuma na kusibu. Hivyo twaweza kusema kwamba mafuriko yaliwakumba watu, nao watu wakayakumba maji.

Kufua maji ni istilahi ya mabaharia. Maana yake ni kutoa maji yaliyovuja au kurushwa na mawimbi ndani ya chombo. Kifaa kinachotumiwa huitwa upo (wingi: nyupo). Kwa kuwa kufua kuna maana nyingine, kama vile kufua nguo, kufua chuma na kufua nazi, shamirisho haliwezi kudondoshwa ovyo. Tukisema “Ali amefua,” wengi wataelewa kwamba amefua nguo. Ni sharti tuseme “Ali amefua maji.”

Tofauti baina ya kuteka na kufua si ya mapambo. Anayeteka hupima haja yake, akaacha ndoo ijaapo. Anayefua hapimi, akikoma kabla ya wakati, chombo huzama. Nahodha anayepaza sauti “Fueni maji!” ametoa amri ya kuokoa roho.

Maji yaliyoshikamana na kitu

Kundi la tatu lina sifa ya kisintaksia inayostahili kuchunguzwa. Hapa aghalabu shamirisho si maji bali ni kitu kilicholowa: tunakamua au kusongoa nguo, tunakung'uta mwavuli, tunapangusa meza. Maji hayatajwi, lakini maana yake imo ndani ya kitenzi. Tena kila kitenzi kina mwendo wake: kukamua ni kubana, kusongoa ni kupotoa, kukung'uta ni kutikisa, nako kupangusa ni kupitisha kitambaa juu ya kitu.

Mpaka wa maneno haya

Methali yasema: Maji yakimwagika hayazoleki. Kuzoa hutumiwa kwa takataka, mchanga au nafaka, yaani vitu vinavyokusanyika upya. Maji huweza kutekwa, kuchotwa, kukumbwa na kufuliwa, lakini yakishanywewa na ardhi hayazoleki. Asiyeujua mpaka huu husikia maneno ya methali, akakosa uzito wake.

Hitimisho

Wanachama wenzangu, baadhi ya maneno haya bado yamo vinywani mwa wavuvi na manahodha wa Lamu, Mombasa na Vanga, ingawa ni nadra kuyakuta katika insha zetu. Nyupo za mbao zinapoacha nafasi kwa makopo ya plastiki na pampu, majina na vitenzi vyake navyo huweza kusahaulika. Tuyakusanye kwa wenyewe, kisha tuyatumie. Neno lililobaki kamusini pekee ni kama kisima kisichotekwa.