Punguza mwendo, okoa mafuta ya boti

Mfanyabiashara anayesafirisha sangara kutoka Ukerewe hadi Mwanza kwa boti ya injini mbili huweza kuona petroli ikimaliza faida kabla mzigo haujafika sokoni.

Dawa ya kwanza ni mwendo. Boti nzito ya mita 10 ikikaribia kilomita 14 kwa saa huanza kupanda wimbi lake yenyewe, na kila ongezeko la mwendo hudai mafuta mengi zaidi. Chini ya hapo, mara nyingi injini moja hutosha. Ya pili iinuliwe ili pangaboi lake lisikokote maji. Ziwa likichafuka, ziwashwe zote mbili.

Aidha, mwani usuguliwe chini ya boti na lita zipimwe kila safari. Barafu ikitosha, kuchelewa kidogo hakuozeshi samaki.